Nyimbo za Kale za Marekani, Zilizorekodiwa Nakuru: Shajara ya Albamu

Januari, mwanzoni

Tumekubaliana, ingawa kwa kelele nyingi. Albamu itakuwa ya nyimbo za kale za Marekani: za milima ya Appalachia, za reli, za wachunga ng'ombe wa Texas. Jim Reeves hayumo, Kenny Rogers hayumo, Dolly Parton hayumo. Hao nyota wa kantri tunawapiga kila Ijumaa kwenye hoteli na mabaa ya Nakuru na Naivasha, wateja wanawaagiza kwa vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya noti ya mia mbili, na ndio wanaotulipia kodi ya nyumba. Siwasemi vibaya. Ila nimechoka kuambiwa kantri ni muziki wa wazungu wakati kijana wetu amekaa pale pembeni ameshika banjo, ala ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na iliyovushwa bahari na watu waliouzwa utumwani.

Tuko watano. Mimi gitaa na mashine za kurekodi. Mwalimu, ambaye kweli alikuwa mwalimu hadi alipostaafu, fidla. Kijana wa banjo, jamaa wa besi, na mwimbaji wetu, dada ambaye akianza wimbo hata wahudumu husimama na trei mkononi.

Jambo moja nimelishikilia tangu kikao cha kwanza, nalo ni kijitabu cha ndani. Albamu za namna hii huandika "wimbo wa jadi" mbele ya kila jina, yakaisha. Kisheria inatosha, lakini maneno hayo yameficha watu wengi mno. Nataka chini ya kila wimbo tuandike ulipita mikononi mwa nani, kadiri inavyojulikana.

"Kijana wangu," Mwalimu akaniuliza, "unataka kurekodi muziki au kuandika hati ya shamba?"

Nikamwambia, Mwalimu, vyote viwili. Akacheka, lakini hakukataa.

Januari, mwishoni

Orodha imeanza kukaa sawa. "Barbara Allen" haukuleta ubishi. Samuel Pepys aliutaja kwenye shajara yake huko London Januari 2, 1666, baada ya kumsikia mwigizaji mmoja akiuimba, kwa hiyo mtu yeyote akidai ameutunga yeye aonyeshe kitambulisho. Francis James Child aliuweka namba 84 katika mkusanyo wake wa nyimbo 305 za masimulizi za Uingereza na Uskoti. Walowezi waliubeba hadi Appalachia, na wakusanyaji wa nyimbo Cecil Sharp na Maud Karpeles walipozunguka milima hiyo kati ya 1916 na 1918 waliukuta hai vinywani mwa watu. Mwimbaji wetu anautaka bila ala. Nimekubali.

"Home on the Range" ndio ulionipa kazi. Kila mtu anaujua, hata waliokuwa maskauti. John Lomax aliuweka kwenye kitabu chake cha nyimbo za wachunga ng'ombe cha 1910, na mwenyewe alieleza kwamba aliurekodi kwa mwenye baa mmoja mweusi huko San Antonio, mtu ambaye zamani alikuwa mpishi kwenye misafara ya kuswaga ng'ombe. Miaka ya 1930 ukawa unapigwa redioni kutwa kucha, kesi ya dola nusu milioni ikafunguliwa, na wakili aliyetumwa kuchunguza akaishia Kansas: maneno ni ya daktari aitwaye Brewster Higley, ya miaka ya 1870, na muziki ni wa Daniel Kelley. Mwaka 1947 Kansas iliufanya wimbo rasmi wa jimbo. Basi daktari ana jina, mpiga fidla ana jina, na mpishi aliyeuhifadhi kichwani hadi ukafika kwenye mashine ya Lomax ameachwa kuwa "mwenye baa". Kwenye kijitabu chetu atakuwepo, hata kama ni kwa kazi yake tu.

"John Henry" tumeuchukua kwa kauli moja. Mtu mweusi, nyundo, mashine ya mvuke, handaki la reli. Wengi huliweka tukio hilo Big Bend, West Virginia, mwanzoni mwa miaka ya 1870. Wengine wana handaki lao. Mikono uliyopitia ni ya vibarua wa reli, na ndivyo nitakavyoandika.

Kisha tukafika "Pretty Polly", na hapo mambo yakasimama. Ni wimbo wa mauaji: mwanamume anamchukua mpenzi wake hadi msituni ambako kaburi lake tayari limechimbwa. Ulirekodiwa mwaka 1927 na zaidi ya mtu mmoja, na kwa banjo ni wimbo wa kutisha kwa uzuri wake. Mwimbaji wetu aliusoma beti zote, akaikunja karatasi. Januari 2024 alikuwa barabarani Nairobi pamoja na maelfu wengine waliokuwa wakiandamana kupinga mauaji ya wanawake. "Huu siuimbi," akasema. "Mnaotaka, uimbeni nyinyi, mimi nitakuwa nje nakunywa soda."

Jamaa wa besi alijaribu kueleza kwamba wimbo unamlaumu muuaji, kwamba kwenye matoleo mengine muuaji hujuta. Mimi pia nafikiri hivyo; nafikiri nyimbo hizi zilikuwa namna ya wasichana kuonywa na wasichana wenzao. Lakini mwenye koo ndiye mwenye wimbo. Banjo itapiga sauti yake tupu, dakika moja na nusu, bila neno. Kijana wa banjo amefurahi kupita kiasi.

Februari

Mwezi wa vidole. Mama Maybelle Carter, mpiga gitaa wa kundi la familia ya Carter, alikuwa na upigaji wake: gumba linaupiga wimbo wenyewe kwenye nyuzi nene, na kidole cha shahada kinafagia nyuzi nyembamba, chini juu, chini juu, kuweka mapigo. Gitaa moja linasikika kama mawili. Ukisikiliza "Wildwood Flower" ya 1928 utadhani kuna mtu wa pili amejificha nyuma ya pazia.

Mimi nililelewa na omutibo, upigaji wa gitaa wa magharibi mwa Kenya. Mjomba wangu huko Kakamega alinifundisha nyimbo za George Mukabi kabla sijajua kusoma vizuri, na baadaye nikaganda kwa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, yule ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili. Kwao pia vidole ni hivyohivyo viwili, gumba na shahada. Ila kazi zimepinduliwa: gumba linatunza besi na shahada ndiyo inayoimba juu. Kwa hiyo mkono wangu una vidole sahihi vyenye vyeo visivyo sahihi. Wiki nzima gumba langu lilikuwa likifika kwenye uzi wa wimbo na kurudi kwenye besi lenyewe, bila kuulizwa.

Kilichonisaidia ni kuuvua wimbo ufagio. Nilipiga gumba peke yake, polepole, uzi wa tano na wa nne, hadi sauti ikajiimba. Ndipo nikaongeza mfagio mmoja tu wa kushuka, baadaye wa kupanda. Ukiongeza vyote kwa pamoja, mkono unarudi ulikozaliwa.

Maneno ya "Wildwood Flower" nayo yana safari. Ulichapishwa mwaka 1860, muziki wa Joseph Philbrick Webster na maneno yenye jina la Maud Irving. Miaka karibu sabini ya kuimbwa jikoni na vibarazani iliyapindapinda maneno hadi ubeti mmoja wa familia ya Carter haueleweki kabisa. Mwalimu alitaka turudi kwenye maneno ya 1860, yaliyonyooka. Tumekataa. Tunaimba yaliyopinda, na kijitabu kitataja pande zote mbili.

Na hapa ndipo lazima nimlete Lesley Riddle. A.P. Carter, kiongozi wa kundi hilo la familia, alikuwa akizunguka milimani kutafuta nyimbo, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 alizunguka na Riddle, mpiga gitaa mweusi aliyekuwa Kingsport, Tennessee, aliyepoteza mguu kwenye ajali ya kiwanda cha saruji. Waligawana kazi: A.P. anaandika maneno, Riddle anaishika sauti kichwani. Wakirudi nyumbani, Riddle anaipiga, familia inaidaka. Maybelle mwenyewe alijifunza mambo ya gitaa kutoka kwake. Sasa tazama lebo za sahani: A.P. Carter, A.P. Carter, A.P. Carter. Ndivyo biashara ilivyoendeshwa, kwa sababu fedha ya kudumu ilikuwa kwenye haki ya utunzi, na aliyesajili ndiye aliyekula. Riddle alihamia Rochester, New York, akaacha muziki, hadi mwanamuziki Mike Seeger alipomtafuta miaka ya 1960 na kumrekodi.

Nimeandika aya yake kwenye kijitabu kabla ya aya nyingine yoyote.

Machi

Studio. Nasema studio, ni chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya umeme, dari ya mbao, juu mabati. Tumetundika mablanketi ukutani na tumeweka maikrofoni moja katikati. Moja tu. Hakuna kurekodi fidla leo na sauti kesho. Wote tunapiga kwa pamoja, na anayetaka kusikika zaidi anasogea.

Kupanga watu ndiyo kazi yote. Banjo inakata, kwa hiyo kijana tumemweka mlangoni, karibu atoke nje. Besi nyuma yangu. Mwimbaji shibiri mbili kutoka kwenye maikrofoni, uso umegeuka kidogo ili herufi za "p" zisipige. Mwalimu yuko upande wake wa kushoto, na zamu ya fidla ikifika anapiga hatua moja mbele na mwimbaji anarudi nusu hatua. Zamu ikiisha wanabadilishana tena, bila kugusana, bila kukanyaga ubao unaolia. Ubao huo tumeuwekea alama ya chaki. Nilipowasikiliza bila kuwatazama, kule kusogea kulisikika: fidla inakuja, inakaa, inaondoka. Kompyuta haiwezi kunifanyia hivyo, au mimi siwezi kuiamuru ifanye.

Kijana wa banjo aliuliza kama huku si kujitesa tu. Nikamsimulia Bristol. Mwaka 1927, mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alipanga ghorofa ya juu ya jengo la biashara ya kofia katika mji huo uliokaa juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia. Mablanketi ukutani, maikrofoni, na sahani ya nta iliyozungushwa na uzito uliokuwa ukishuka taratibu kwa kamba. Ndani ya siku hizo chache zilipatikana nyimbo 76 kutoka kwa vikundi 19. Familia ya Carter walifika Agosti 1, Maybelle akiwa mjamzito. Agosti 4 akaingia kijana mwembamba kutoka Mississippi, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa breki kwenye treni na ambaye mapafu yake yalishaliwa na kifua kikuu: Jimmie Rodgers. Peer alilipa dola 50 kwa kila wimbo.

Kijana akasikiliza, akasema, "Kwa hiyo sahani yao haikuzungushwa na stima."

Alikuwa na hoja. Stima ilipotea mara nyingi mwezi huu, na ilipokuwepo ilikuwepo mvua. Masika ya Nakuru juu ya mabati hayashindani na maikrofoni, yanaimeza. Tunachemsha chai, tunangoja, tunaanza tena alfajiri kabla magari hayajaamka.

Yaliyopatikana hata hivyo ni mengi. "Barbara Allen" uliingia kwa pumzi moja, beti zote, kwa sababu hatubanwi na upande wa sahani uliokuwa ukijaa kwa dakika tatu hivi. "John Henry" tumeupiga kwa mkono wa omutibo, na badala ya ngoma nimemkabidhi jamaa wa besi chupa ya Fanta ya zamani, yenye migongo, akwaruze kwa kipande cha chuma kama wanavyofanya kwetu. Kila nyundo inapotajwa, chuma kinagonga kioo. Mwalimu, ambaye alikuwa amepinga chupa, aliomba tuusikilize mara tatu.

Aprili

"Blue Yodel" wa Rodgers tumeurekodi bila shida ya vibali. Alifariki 1933, na hapa Kenya haki ya mtunzi hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Marekani nako kazi zilizochapishwa kabla ya 1930 ziko huru. Yodo lenyewe, kule kuvunja sauti kwenda juu, mwimbaji wetu aliliweza kwa kufikiria anamwita mtu ng'ambo ya bonde.

Lakini huwezi kumweka Rodgers kwenye albamu ya Bonde la Ufa ukamwacha Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey alikuwa Kapkatet, akirekodi nyimbo za Wakipsigis. Sahani za santuri za Rodgers zilishafika huko, jina lake likatafunwa na ndimi za wenyeji, na wasichana wakamwimbia Tracey kwa kinanda cha nyuzi kiitwacho chepkong'o: Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala, anahimizwa aruke na kucheza kwa nguvu mpaka nguo zimtoke. Rekodi hiyo ilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey, na mwaka 2015 nakala zikarudishwa kijijini.

Kijana alitaka tuupige tu, kwani si upo mtandaoni? Kwanza, kuna sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, na inataka ridhaa ya wenyewe. Pili, nitaandikaje aya nzima ya Lesley Riddle kisha niwafanyie mabinti wa Kapkatet vilevile?

Tukaenda. Kericho, Litein, Kapkatet, majani ya chai pande zote. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimetuandalia chai na mursik, maziwa yao ya mgando, na kabla ya neno lolote la ridhaa walitaka kwanza kumsikia huyo Mmarekani. Nikawasha simu. Yodo lilipokuja, bibi mmoja aliyekaa kwenye kigoda aliinua kiganja tunyamaze, akasikiliza hadi mwisho.

"Huyu anaumwa," akasema.

"Ndiyo, Kogo," nikamjibu, yaani bibi. "Kifua kikuu. Alikufa akiwa na miaka 35."

"Nimesikia. Anavuta pumzi mahali si pake." Kisha akawageukia wenzake na mjadala ukahamia Kikipsigis, vicheko vikafuata. Mama aliyetutafsiria alisema wanabishana kuhusu suruali: je, Chemirocha anavua au inamvuka yenyewe? Kumbe matoleo ni mawili na kila ukoo una lake.

Masharti yao yalikuwa mepesi na ya haki. Wataimba wenyewe, sisi tupige kidogo au tusipige kabisa. Kila mwimbaji jina lake liandikwe, asiachwe hata mmoja, maana sahani ya zamani ilimtaja kiongozi na waliobaki wakawa wasichana wa Kipsigis tu. Fedha ya wimbo huo igawanywe sawa kati ya kikundi na bendi. Mwimbaji wetu ndiye aliyeandika makubaliano, kwa mkono, nakala mbili, na yakasomwa kwa sauti kwa lugha zote mbili kabla ya sahihi na vidole gumba.

Tulirekodi uani kwa maikrofoni ileile. Kuku wamo. Sitawatoa.

Mei

Kuchanganya sauti kumekuwa kazi ndogo, maana maikrofoni moja haina mengi ya kuchanganya. Nimepunguza mngurumo wa barabara, nimeinua besi kidogo, basi. Mwangwi wa kubandika sikutia.

Mpangilio: "Barbara Allen" unafungua. "Home on the Range" uko katikati, taratibu kuliko mnavyouzoea. "Blue Yodel" unafuatwa na Chemirocha moja kwa moja, bila pengo. Banjo tupu ya "Pretty Polly" iko karibu na mwisho, na kwenye kijitabu mwimbaji ameandika mwenyewe sababu ya kutokuwa na maneno, mistari minne, mikali.

CD tutachapa chache za kuuza kwenye maonyesho na nyingine ni za akina mama wa Kapkatet. Wengi wa wateja wetu watataka kwenye flashi ya gari, na flashi haina kijitabu, kwa hiyo tumekifanya kiwe pia faili la kusomwa kwenye simu.

Sasa tumekwama kwenye fomu ya msambazaji wa mtandaoni. Kila wimbo una kisanduku cha mtunzi na kisanduku cha mwigizaji. Hakuna cha aliyeuhifadhi, hakuna cha aliyemfundisha aliyerekodi. Ukiacha cha mtunzi wazi, mfumo unajaza wenyewe kwa Kiingereza neno lilelile la "jadi" tulilolikimbia tangu Januari. "Wildwood Flower" nimeweka Webster na Irving. Chemirocha nimeandika majina yote ya akina mama, mfumo ukayakata katikati. Nimewaandikia barua pepe na wamejibu kwamba wanashughulikia. "Home on the Range" bado haujatumwa. Mwalimu anasema niweke Higley na Kelley niende zangu kulala, mpishi wa San Antonio nimweke kwenye maelezo ya ziada. Jamaa wa besi anasema hakuna anayesoma maelezo ya ziada. Kesho asubuhi nitawapigia simu niulize kama kisanduku cha mtunzi kinakubali mtu asiye na jina.